Rweya si Pori

Katika kumbukumbu za mikutano ya vijiji, katika ramani za mipango ya ardhi, na hata katika madaftari ya wanafunzi wa jiografia, lipo neno moja ambalo aghalabu huandikwa kila inapotajwa ardhi ya majani mafupi iliyotandaa baina ya migomba ya Bukoba na Muleba. Neno hilo ni pori. Pengine huandikwa nyika, pengine mbuga, na mara nyingine, kwa kalamu yenye haraka zaidi, ardhi tupu. Wahaya wenyewe hawaiiti hivyo. Wao huiita orweya, na katika Kiswahili cha Kagera neno hilo limekwisha kuingia kwa umbo la rweya. Tofauti ya majina haya mawili yaweza kuonekana kuwa jambo la wanalugha peke yao. Sivyo. Katika mkoa huu, jina analopewa mtu kuandikia ardhi laweza kuamua nani ataendelea kuilima, kulisha juu yake na kukata majani yake, na nani ataondoshwa.

Msafiri anayetoka mjini Bukoba kwenda Muleba kwa njia ya Kemondo hupita katika nchi ya vilima virefu vilivyolala kutoka kaskazini kwenda kusini, sambamba na ufuko wa Ziwa Viktoria. Macho yake huona mambo mawili tu yakipokezana. Kwanza, vijiji vilivyozama ndani ya migomba na mibuni, vyenye kivuli kizito, kama visiwa vya kijani kibichi. Pili, kuvizunguka visiwa hivyo, uwanda wa majani magumu na membamba, ambayo mahali pengi hayafiki hata magotini, na mawe yakichomoza katikati. Miti ni haba; hapa kijiti kilichopindika, pale kichuguu. Mojawapo ya majani hayo limechukua jina la mto na mkoa huu hata katika vitabu vya mimea vya dunia: Loudetia kagerensis. Linaloshangaza zaidi ni mpaka baina ya sehemu hizo mbili. Mara nyingi ni mkali kama uliokatwa kwa panga: hatua moja mtu yumo katika udongo mweusi wenye unyevu, hatua ya pili yumo katika majani makavu yanayochoma nyayo.

Kiswahili hakina upungufu wa majina ya mahali palipoota majani na vijiti. Kichaka ni mimea iliyosongamana, mtu au mnyama aweza kujificha ndani yake. Rweya haifichi hata sungura. Magugu ni mimea iliyoota isipotakiwa, nayo hutambulikana kwa kuwapo zao ambalo mkulima alilitaka. Mbuga ni uwanda mpana wa majani, nao humpeleka msomaji kwenye pundamilia na watalii. Pori na nyika ni maneno yenye uzito zaidi, kwa sababu hayaelezi mimea tu. Huelezea pia kutokuwapo kwa watu. Pori ni mahali pasipokaliwa, pa hatari, penye wanyama. Nyika, kwa watu wa pwani, ilikuwa ni bara kavu lililoanza pale mashamba ya minazi yalipokoma, na wakazi wa nyuma ya Mombasa waliitwa Wanyika kwa jina hilo. Jina lile lilibeba dharau, na wenyewe walilikataa. Tangu miaka ya 1940 wakajulikana kama Mijikenda. Mfano huo wapaswa kukumbukwa na kila mwalimu anayedhani kwamba majina ya majani hayana siasa.

Sasa na litazamwe neno orweya lenyewe. Irabu ya mwanzo, o-, ni ile inayotangulia majina mengi ya Kihaya, ambayo Kiswahili hakinayo. Linalofuata, rw-, ni kiambishi cha ngeli, yaani oru- au olu-, ambacho hubadilika kuwa rw- kinapokutana na irabu. Ngeli hiyo ndiyo ile ambayo katika Kiswahili imebaki na u- au w- peke yake: Mhaya husema olulimi pale Mswahili asemapo ulimi. Wanafunzi wanaojifunza ngeli ya U-ZI katika maneno kama ukuta, uzi, wimbo na wembe wanajifunza mabaki ya kiambishi kile kile. Kwa hiyo, lau Kiswahili kingalirithi neno hili badala ya kuliazima, leo lingeanza kwa w-. Kwa kuwa kimeliazima zima zima, pamoja na r yake, asili yake ya Kihaya inaonekana wazi, na hilo si kasoro.

Lakini maana ya rweya haipatikani kwa kulichambua peke yake. Neno hili huishi kwa kushindanishwa na jingine, nalo ni ekibanja. Kibanja ni shamba la nyumbani: migomba, mibuni, maharage, mitoma ya kutolea lubugo, nyumba, na makaburi ya ukoo. Wasomaji wengi hawatambui kwamba neno hili tayari wanalo. Sauti b ya Kihaya mara nyingi huwa w katika Kiswahili: abantu ni watu, abaana ni wana. Basi kibanja ni kiwanja. Ni neno moja, lililogawanyika katika njia mbili tangu zama za mababu wa lugha za Kibantu, ambao walilitumia kwa mahali palipofagiliwa na kutengenezwa na watu. Pwani limebaki na maana ya mahali peupe pa kuchezea, kukutania au kujengea. Bukoba limekuwa shamba lenye rutuba kuliko yote. Kutoka shina hilo hilo lilitoka pia jina nyarubanja, ule utaratibu wa mabwana wa ardhi na wapangaji wao uliofutwa na sheria katika miaka ya 1960.

Baina ya kibanja na rweya Wahaya waliweka majina mengine, kwani mkulima hana anasa ya kugawa ulimwengu katika sehemu mbili tu. Kikamba ni kibanja kilichochoka, au ukingo wake ambako migomba imedhoofika na mihogo au mahindi yamechukua nafasi. Omusiri ni kipande cha rweya kilichofyekwa na kulimwa kwa muda: majani hung'olewa, hurundikwa, huchomwa, kisha hupandwa njugumawe, viazi vikuu au mihogo, baada ya mavuno kipande huachwa kilale kwa miaka. Hakuna hata moja kati ya majina haya linalomaanisha mahali pasipo mwenyewe.

Hapa ndipo sayansi inapoingia, nayo inashuhudia upande wa lugha ya wenyeji. Swali la asili ni hili: kwa nini majani ya rweya ni mafupi na magumu, hali migomba hatua chache kutoka hapo inanawiri? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba wazee walichagua ardhi nzuri wakaacha mbaya. Jibu hilo lina ukweli kidogo, maana mabonde na miteremko fulani ina udongo mzito zaidi. Lakini Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani ambaye ndiye aliyewapa wanasayansi wa dunia wazo la mfuatano wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni, aliandika mwaka 1938 kuhusu Bukoba na kuonyesha jambo la kustaajabisha zaidi. Rutuba kubwa na rutuba duni zilikuwa katika udongo wa asili moja. Udongo wa kibanja haukukutwa pale, ulitengenezwa.

Mwamba wa sehemu kubwa ya nchi hii ni mawe ya mchanga ya kale sana, yenye chakula kidogo cha mimea. Juu ya mwamba huo hunyesha mvua nyingi. Karibu na mji wa Bukoba hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, kisha hupungua kadiri mtu anavyokwenda magharibi. Maji hayo yakipita ardhini kwa maelfu ya miaka huchukua kalisi, magnesi na potasi, na kuacha tindikali. Chuma na alumini hubaki, navyo huishika fosforasi kwa nguvu hata mizizi isiweze kuinyonya. Katika udongo kama huo huota yale tu yaliyojifunza kuishi kwa shida: majani membamba, makavu, yasiyo na tamaa.

Katika ardhi hiyo hiyo wakulima walijenga mashamba yao kwa kuhamisha. Ng'ombe walipelekwa rweya asubuhi, wakala siku nzima, wakarudi jioni kulala nyumbani. Samadi yao ikawa ya migomba. Majani ya rweya yalikatwa yakatandazwa chini ya migomba kuzuia jua na mmomonyoko, na yakioza yakawa mbolea. Majani mengine yaliezeka nyumba za msonge kutoka kileleni hadi chini, mengine yakatandikwa sakafuni, na yote hayo yakichakaa yalitupwa shambani. Hakuna lililorudi rweya ila moto. Vizazi kwa vizazi chembe za potasi na fosforasi zilitembea upande mmoja tu, zikibebwa kwa miguu ya ng'ombe na vichwa vya akina mama. Kibanja kilinenepa, rweya ilikonda. Kwa maneno mengine, ufupi wa majani yale ni hesabu iliyoandikwa ardhini, nayo upande wake wa pili huonekana katika unene wa migomba.

Moto nao wastahili kutajwa kwa haki. Huchomwa ili majani machanga yachipue kwa ajili ya mifugo, na hufanikiwa kwa wiki chache. Lakini naitrojeni iliyomo katika majani hupotea hewani pamoja na moshi, na miche ya miti huungua kabla haijapata nguvu. Moto peke yake haukuiumba rweya, ila umeilinda isirudi kuwa msitu.

Kwamba msitu ulikuwapo zamani mahali pengi si dhana tupu. Wachimbuzi wa mambo ya kale wakiongozwa na Peter Schmidt, waliofanya kazi tangu miaka ya 1970 huko Katuruka katika Maruku na karibu na ghuba ya Kemondo, waligundua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma ya zamani sana, mengine yenye umri wa kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery walitangaza matokeo yao katika jarida la Science, na ufundi ule ukashangaza wengi. Matanuri hula makaa, na makaa hula miti. Schmidt ameeleza kwamba kazi hiyo ya chuma, pamoja na kilimo, ilichangia kuondoa misitu ya nchi ile. Basi katika mahali ambapo kitabu kinaandika pori, yaani mahali ambapo mkono wa mtu haujafika, mkono wa mtu umefika kabla ya falme za Kihaya kuanza kuhesabu wafalme wao.

Jambo hili halikutokea Kagera peke yake. Katika Uholanzi, Ubelgiji, Denmark na kaskazini mwa Ujerumani, wakulima wa udongo wa mchanga walikata matabaka ya vijiti vifupi na mizizi kutoka nyanda za wazi, wakayatandika mazizini, kisha wakayapeleka shambani yakiwa na samadi. Waliendelea hivyo kwa karne nyingi, hata mashamba yao yakainuka, mahali pengine kukaribia mita moja juu ya udongo wa awali. Nyanda zile zikafa ganzi zikaota vijiti vifupi visivyoliwa. Kwa Kijerumani uwanda wa namna hiyo huitwa Heide, na neno la matamshi hayo hayo humaanisha pia mtu asiye na dini. Mtu wa majani mafupi alifananishwa na mshenzi, kama vile Mnyika wa pwani yetu ya mashariki. Karne ya 19 ilipoleta mbolea za dukani, nyanda hizo ziliitwa ardhi isiyo na faida, zikagawanywa, zikapandwa misonobari. Huko Denmark chama maalumu cha kazi hiyo kiliundwa mwaka 1866. Leo mataifa hayo hayo hutumia fedha kuvihifadhi vipande vichache vilivyosalia, kama vile uwanda wa Lüneburg. Hakuna haja ya Kagera kupita njia hiyo yote ili kufika huko huko.

Nayo imekwisha kuanza kuipita. Katika Bukoba na Muleba sehemu za rweya zimepandwa mikaratusi na misonobari, nyingine zimepewa watu binafsi au mashirika, nyingine zimezungushiwa uzio. Si kila jambo katika hayo ni baya. Mikaratusi huota katika udongo duni, na nguzo na kuni zina wenye kuzihitaji, shule zikiwa miongoni. Chai ya Maruku ilipata makao kwa sababu chai ni zao linalopenda tindikali ambayo migomba huichukia. Anayesema kwamba rweya isiguswe kamwe hajawahi kutafuta kuni Kamachumu. Lakini kuna tofauti kubwa baina ya kijiji kinachoamua, kwa kujua hasara na faida, kubadilisha matumizi ya sehemu ya malisho yake, na kijiji kinachoambiwa kwamba hapakuwa na matumizi yoyote ya kubadilishwa.

Tofauti hiyo imo hata katika sheria. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili za ardhi, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, inaposema ardhi ya kijiji ni ipi, inahesabu pia ardhi iliyolala ili ipumzike, ardhi inayolishiwa mifugo, na njia za kupitia kwenda malishoni, ikiwa wanakijiji wameitumia hivyo kwa miaka kumi na miwili kabla ya sheria kutungwa. Yeyote aliyeandika maneno hayo angeielewa rweya mara moja. Lakini Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huo huo, katika kueleza maana ya ardhi ya jumla, inaingiza ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Kati ya maelezo hayo mawili kuna mlango, na neno pori ndilo ufunguo wake. Karani akiandika rweya, ameandika malisho, majani ya migomba, misiri ya akina mama na njia. Akiandika pori, ameandika mahali pasipokaliwa wala kutumika, na kazi iliyobaki ni ya mpima ardhi.

Wanaopoteza kwanza ni wanawake. Kibanja ni mali ya ukoo, na kwa mila ukoo ulifuata upande wa wanaume. Mwanamke alikilima bila kuwa na kauli ya mwisho juu yake. Mila hiyo ilitikiswa na kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, wilayani Muleba, na kuamuliwa na Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Mwanza mwaka 1990, kesi ya Ephrahim na Pastory, ambapo ilihukumiwa kwamba mwanamke aweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Hukumu hiyo inajulikana katika vyuo vya sheria duniani. Hata hivyo, muda wote mila ilipokuwa na nguvu kamili, mahali ambapo mwanamke alipanda chake na kuvuna chake palikuwa ni omusiri katika rweya. Njugumawe zilikuwa zao lake. Na senene, ambao hufika kwa makundi hasa mwezi wa Novemba na Desemba, waliokotwa na wanawake katika majani hayo alfajiri, kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Panzi hao hula mbegu na maua ya majani. Palipopandwa msonobari, hakuna majani ya kuwalisha.

Wapo watakaosema kwamba wakulima wa leo wenyewe wameipa rweya kisogo: ng'ombe wamepungua, nyumba za bati hazihitaji majani, na migomba imepigwa na wadudu na magonjwa. Ni kweli, na kupungua kwa ng'ombe si jambo la jana; sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza mifugo mingi ya nchi hii. Lakini hoja hiyo, ikifuatwa hadi mwisho, inageuka. Ng'ombe wanapopungua, majani ya kutandaza ndiyo msaada uliobaki kwa mkulima asiye na fedha ya mbolea ya dukani. Vibanja vinavyogeuka kuwa vikamba vinageuka kwa kukosa kile kilichokuwa kikitoka nje ya mpaka wake. Kuifunga rweya na wakati huo huo kuulizana kwa nini mikungu ya ndizi inapungua ni kama kuziba chemchemi na kulaumu mtungi.

Shule za Bukoba na Muleba zina nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu maabara yake iko nje ya dirisha. Darasa la kidato cha pili laweza kuchukua udongo wa kibanja na udongo wa rweya kutoka pande mbili za mpaka mmoja, umbali usiozidi hatua hamsini, likaujaza katika makopo yaliyotobolewa chini, matano kwa kila aina, na kupanda maharage ya mbegu moja. Makopo mawili ya rweya yatiwe samadi iliyooza, mawili yatiwe majivu, moja liachwe. Urefu upimwe kila wiki kwa muda wa wiki sita. Karatasi ya litimasi, au kipimo bora kama shule inacho, itaonyesha tindikali kabla na baada. Wanafunzi wataona kwa macho yao jambo aliloliandika Milne, na wataona pia kwamba udongo uliokonda si udongo uliokufa.

Wakati maharage yanaota, mwalimu wa Kiswahili na yule wa jiografia wawatume wanafunzi hao hao kwa bibi zao na babu zao na orodha fupi ya maneno: orweya, omusiri, ekikamba, ekibanja. Kwa kila neno waandike ni majani gani huota hapo, nani huyakata, nani aliruhusiwa kulima, ng'ombe walipita wapi, na mipaka yake inaitwaje. Karatasi hizo zikikusanywa na kupelekwa kwa Halmashauri ya Kijiji kabla ya kuchorwa mpango wa matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mwaka 2007, mchoraji atakuwa na majina ya kuandika katika sehemu ile ya ramani ambayo hadi sasa huiacha nyeupe.